Tuijue Miji ya Nchi Yetu Kabla ya Kupanda Gari



Karibu kila kikundi katika eneo letu kimewahi kumtuma mtu safari. Mara ni kupeleka fomu, mara ni kutafuta soko la mbuzi, mara ni kumsindikiza mgonjwa aliyepewa barua ya rufaa, mara ni kumfikisha mtoto chuoni. Nauli hutoka katika mfuko wa kikundi, na mfuko huo umejazwa shilingi kwa shilingi. Sasa msafiri akifika mji asioujua, akashukia mahali sipo, akalala siku mbili ambazo hazikuwa kwenye hesabu, kisha akarudi bila kufanya alichotumwa, si yeye peke yake aliyepata hasara. Ni kikundi kizima.

Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia. Huenda ni kweli kwa mtu asiye na haraka. Lakini kwa mama aliyebeba mtoto mgonjwa, au kwa mweka hazina mwenye pesa za watu thelathini, kupotea ni ghali mno. Katika makala hii tunataka kueleza jinsi kikundi kinavyoweza kuijua miji mikubwa ya Kenya kabla mtu hajapanda gari, na kwa nini ujuzi huo uwe wa wote, usiwe wa mtu mmoja.

JAMBO HILI LATUHUSU SANA SISI

Kuna msemo ambao watu wa kaskazini tumeuzoea. Mtu akitoka Moyale, Marsabit au Wajir kuelekea Nairobi husema, "Naenda Kenya." Anasema hivyo na huku alizaliwa Kenya na hajawahi kutoka. Watu hucheka, lakini msemo huo una historia.

Serikali ya kikoloni iliitenga sehemu hii ya nchi. Kulikuwa na sheria ya mwaka wa 1926 na nyingine ya mwaka wa 1934 zilizofanya kuingia na kutoka katika wilaya za kaskazini kuwe kwa ruhusa. Isiolo ndiyo ilikuwa mlango. Baada ya uhuru mambo hayakuwa rahisi pia. Hali ya hatari iliyotangazwa huku mwishoni mwa mwaka wa 1963 haikuondolewa mpaka mwaka wa 1991. Kwa hivyo wengi wa wazee wetu walikua bila kuiona Nakuru wala Kisumu, na hawakuwa na la kuwasimulia watoto wao juu ya miji hiyo.

Leo lami inatoka Isiolo mpaka Moyale, kilomita kama 500, kazi iliyokamilika katika miaka ya 2010. Mabasi yanapita mchana na usiku. Lakini ujuzi wa miji haukuja pamoja na lami. Utapata kikundi cha watu 25 ambapo mmoja tu ndiye "anayeijua Nairobi". Kila safari ni yeye. Anajua ofisi, anajua bei, anajua nani wa kuongea naye. Wengine wanangoja arudi awaambie.

Hata kama mtu huyo ni mwaminifu kabisa, kikundi kimeingia mikononi mwake. Akiugua au akihama, kazi inasimama. Na kama si mwaminifu, nani atamwuliza? Hakuna mwingine anayejua nauli ni pesa ngapi au ofisi iko wapi. Mara nyingi tena mtu huyo ni mwanamume, na waliokusanya pesa ni akina mama. Basi kuujua mji si mambo ya utalii. Ni njia ya kulinda mali ya kikundi.

KWANZA ULIZENI: SAFARI HII NI YA LAZIMA?

Miji mingine hatuhitaji tena kwenda kama zamani. Kabla ya mwaka wa 2013 Isiolo ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki, na makao makuu ya mkoa yalikuwa Embu, safari ya kilomita kama 180 kupitia Meru na Chuka. Mambo mengi ya serikali yalibidi yafuatwe huko. Katiba ya mwaka wa 2010 ilileta kaunti 47, na tangu uchaguzi wa mwaka wa 2013 Isiolo ina gavana wake na bunge lake la kaunti. Ofisi za kaunti za mifugo, maji, kilimo na ushirika ziko hapa kwetu.

Kadhalika kuandikisha kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 inasimamiwa kupitia ofisi za maendeleo ya jamii, na ofisi hizo zinafikika hapa hapa. Mtu akiwaambia ati lazima apewe nauli ya kwenda Nairobi kusajili kikundi, mwambieni aeleze vizuri. Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa pia huanzia kwenye ofisi za karibu.

Hata pasi ya kusafiria, ambayo watu wengi wanajua ni ya Nyayo House tu, hushughulikiwa pia katika miji mingine kama Mombasa, Kisumu, Eldoret na Embu. Ombi lenyewe hufanywa kwanza kwa intaneti. Kwa mtu wa Isiolo, Embu ni karibu kuliko Nairobi. Lakini ni nani anajua hayo kama hakuuliza?

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: kabla ya kutoa nauli, mwanachama mmoja aende kuuliza katika ofisi ya hapa, au apige simu. Simu ya dakika tano ni rahisi kuliko basi la kilomita 280.

NJIA ZINAZOTOKA ISIOLO

Mtu anayejua njia hatishwi na jina la mji. Tuzitaje njia zetu.

Njia ya kusini inapanda kuelekea Mlima Kenya. Inafika njia panda ya Subuiga, ambapo barabara moja inakwenda Meru na nyingine Nanyuki. Kutoka Nanyuki gari hupitia Naro Moru, Kiganjo, Karatina, Sagana, Makutano, Kenol na Thika, halafu Nairobi. Hizo ni kilomita karibu 280 kwa jumla.

Ukichukua upande wa Meru, safari ni kama kilomita 50 na kidogo mpaka Meru mjini. Kutoka huko barabara huzunguka mlima kwa upande wa mashariki, kupitia Nkubu, Chuka na Embu, na mwishowe hukutana na ile nyingine kabla ya Thika. Ndiyo maana magari mawili yote yameandikwa Nairobi lakini moja linapita Nanyuki na jingine Embu. Ukitaka kushuka Karatina na umepanda linalopita Embu, kosa ni lako, si la makanga.

Njia ya kaskazini inapitia Archers Post, Laisamis, Marsabit na Turbi mpaka Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Njia ya mashariki inapitia Kulamawe na kufika Modogashe, na hapo unaamua: Wajir na Mandera, au Garissa.

Na anayekwenda Nakuru au Eldoret halazimiki kufika Nairobi kwanza. Kuna njia ya kupitia Nanyuki, Nyeri na Nyahururu mpaka Nakuru. Magari hubadilishwa njiani, kwa hivyo toka mapema.

JIJI, MANISPAA NA MJI

Tunasema "mjini" kwa kila mahali penye maduka, lakini sheria inatofautisha. Sheria ya miji ya mwaka wa 2011, iliyobadilishwa mwaka wa 2019, inasema jiji liwe na watu wasiopungua 250,000, manispaa 50,000, na mji 10,000. Kuna mambo mengine yanayoangaliwa pia, kama huduma na mipango. Isiolo yetu ni manispaa.

Majiji ya Kenya sasa ni matano: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Nakuru ilipata hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret tarehe 15 Agosti 2024. Kwa hivyo vitabu vya zamani vya watoto vinavyotaja majiji matatu vimepitwa na wakati.

KILA JIJI NA KAZI YAKE

Njia rahisi ya kuujua mji ni kuuliza: mji huu unaishi kwa nini? Ukijua kazi ya mji, utajua ni shida gani inakupeleka huko, na ni shida gani haihusiani nao.

Nairobi. Ulianza kama kambi ya reli mwaka wa 1899. Jina linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Ulifanywa jiji mwaka wa 1950. Katika sensa ya mwaka wa 2019 ulikuwa na watu karibu milioni 4.4, na kaunti yetu yote ilikuwa na watu kama 268,000. Lakini Nairobi ingeingia ndani ya Kaunti ya Isiolo zaidi ya mara thelathini kwa ukubwa wa ardhi. Sisi tuna ardhi, wao wana watu. Hilo peke yake laeleza kwa nini mgeni huona kizunguzungu akishuka.

Usijaribu kuijua Nairobi yote. Hata wenyeji hawaijui yote. Jua sehemu inayohusu safari yako. Wizara nyingi ziko katikati ya mji au karibu: Jogoo House kwa mambo ya elimu, Kilimo House kwa kilimo, Afya House kwa afya. Nyayo House ya pasi iko pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iko upande wa Upper Hill, nje kidogo ya katikati. Gikomba ni mitumba. Wakulima, ambalo watu huliita Marikiti, ni soko la jumla la mboga na matunda.

Kwa kuelekea, shika alama chache kubwa. Jengo la Archives liko kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, na karibu kila mtu atakuonyesha. Stesheni ya zamani ya reli iko mwisho wa Moi Avenue. Msikiti wa Jamia na Kanisa la Holy Family yako katikati kabisa, na hapo utapata mtu mtulivu wa kuuliza. Kutoka Archives ukiteremka kuvuka Tom Mboya unaingia upande wa River Road, wenye magari mengi ya kwenda mashambani, watu wengi, na wezi wa mifukoni pia.

Angalia jambo hili: si magari yote ya kutoka kwetu yanaishia mahali pamoja. Mengine hufika katikati ya mji upande wa River Road, na mabasi mengi ya kaskazini huishia Eastleigh. Uliza kabla ya kulipa nauli, si baada ya kufika.

Eastleigh tunaifahamu kwa njia nyingine. Maziwa ya ngamia ya akina mama wa Isiolo hupakiwa kwenye basi na kuuzwa huko. Na mbuzi wetu wengi hufika Kiamaiko, ambapo Waborana na jamaa wengine wa kaskazini wamekuwa wakifanya biashara ya mbuzi na nyama kwa muda mrefu. Kwa hivyo msiseme hamna wenyeji Nairobi. Mna watu wanaojua lugha yenu na wanajua bei ya mbuzi ya asubuhi hii. Kabla kikundi hakijapakia mbuzi kwenye lori, kipige simu huko, kiulize pia Isiolo mjini, kisha kihesabu nauli ya mnyama, chakula na hatari ya kufa njiani. Pengine bei ya Isiolo ndiyo nzuri.

Mombasa. Ni bandari, na mji mkuu wa Pwani, wenye watu kama milioni 1.2 kwa sensa ya 2019. Uko kilomita kama 485 kutoka Nairobi. Mji wenyewe wa zamani ni kisiwa. Ukijua hilo umejua nusu ya Mombasa: kaskazini unatoka kwa daraja la Nyali, kusini kwa feri ya Likoni, na magharibi kwa barabara ya Makupa inayoelekea Nairobi. Bandari ni Kilindini. Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593. Soko kubwa la jumla ni Kongowea, upande wa Nyali, nje ya kisiwa. Na wao pia wana soko linaloitwa Marikiti, kwa hivyo mtu akikuambia "peleka Marikiti", muulize ya wapi.

Treni ya Madaraka Express imekuwa ikienda Mombasa tangu mwaka wa 2017. Haiondokei stesheni ile ya zamani katikati ya Nairobi. Inaondokea Syokimau, na inafika Miritini, ambako ni bara, si kisiwani. Tiketi inahitaji kitambulisho.

Kisumu. Uko kando ya Ziwa Victoria, na reli ilifika huko mwaka wa 1901. Ni mji wa samaki, biashara ya magharibi na njia ya Uganda. Soko la Kibuye linajulikana sana. Kuna joto, na malaria ipo, kama Pwani. Anayekwenda Kisumu au Mombasa asiseme ni siku mbili tu. Alale ndani ya chandarua, na akipata homa baada ya kurudi amwambie daktari alikotoka.

Nakuru. Uko Bonde la Ufa, kilomita kama 160 kutoka Nairobi, chini ya Menengai na kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Unaishi kwa kilimo: mahindi, ngano, maziwa, viazi. Kikundi kinachotaka kuona jinsi wengine wanavyofuga ng'ombe wa maziwa au kutunza nyasi za mifugo kitapata mengi huko, hasa wakati wa maonyesho ya kilimo.

Eldoret. Uko juu zaidi, mita kama 2,100 juu ya bahari, na baridi yake si mchezo. Ni mji wa mahindi na ngano, na wa wakimbiaji wetu mashuhuri. Wazee bado wanauita Sisibo, kutokana na namba 64 ya shamba la wakati wa walowezi. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko huko.

Msisahau miji ya jirani. Meru ina soko kubwa la vyakula na hospitali ya rufaa. Nanyuki iko pale mstari wa ikweta unapopita. Thika ina viwanda. Athi River, kusini mwa Nairobi, ina kiwanda cha Tume ya Nyama ya Kenya, na mfugaji ni vizuri akijue. Garissa ni soko kubwa la ng'ombe kando ya Mto Tana. Mara nyingi unachotafuta Nairobi kiko katika mmoja wa miji hii, kwa nauli nusu.

MAJINA YANAYOPOTEZA WATU

Shida kubwa ya wasafiri wetu si kutojua kusoma. Ni majina yanayofanana. Tutoe mifano michache.

Kenyatta. Kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyo Upper Hill. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka wa 2019, na hiyo iko upande wa Kahawa, karibu na Thika Road. Barua ya rufaa ikisema ya pili, na wewe umekwenda ya kwanza, utapoteza siku na mgonjwa anaumia. Someni barua neno kwa neno, ikiwezekana watu wawili. Kisha kumbuka kwamba gari la kutoka Isiolo linapita Thika Road. Chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja, Chuo Kikuu cha Kenyatta, na njia ya hospitali hiyo, vyote unavipita kabla ya kufika katikati ya Nairobi. Ukijua, unashuka njiani na kuokoa nauli na taabu ya kurudi.

Moi. Hospitali ya Moi tuliyoitaja iko Eldoret. Uwanja wa ndege wa Moi uko Mombasa. Barabara ya Moi Avenue iko Nairobi, na iko Mombasa pia. Chuo Kikuu cha Moi husemwa ni cha Eldoret, lakini kampasi kuu iko Kesses, nje ya mji.

Vyuo vingine ni vivyo hivyo. Egerton watu husema ni Nakuru, kumbe kampasi kuu iko Njoro. Mzazi anayempeleka mtoto ahesabu hiyo nauli ya mwisho, ile ya kutoka mjini mpaka langoni. Ndiyo mara nyingi husahaulika.

Na hospitali za makanisa pia: Kikuyu, inayojulikana kwa matibabu ya macho, haiko Nairobi katikati. Kijabe iko upande wa njia ya Naivasha. Mgonjwa wa kwenda huko hupita Nairobi na kuendelea, kwa hivyo safari yake inahitaji muda zaidi, na pengine mahali pa kulala.

KIKAO CHA KUCHORA RAMANI

Sasa tufanye nini? Tunapendekeza kila kikundi kitenge kikao kimoja, saa mbili hivi, kichore Kenya chini. Hakuna pesa inayotakiwa.

1. Tafuteni mahali penye mchanga, chini ya mti. Wekeni jiwe moja kubwa katikati. Hilo ni Isiolo.

2. Kwa fimbo, choreni njia zote tulizotaja: ya Nanyuki, ya Meru, ya Marsabit, ya Modogashe. Wekeni kijiwe kwa kila mji.

3. Kila mtu aliyewahi kufika mji wowote asimame kwenye jiwe la mji huo. Mtashangaa. Yule mama asiyesema kitu mikutanoni aliwahi kukaa Mombasa miaka miwili. Yule kijana amepeleka mbuzi Kiamaiko mara nane. Ujuzi upo kikundini, ila haujaulizwa.

4. Kila mmoja aeleze mambo manne tu: gari lilimshusha wapi, alikwenda ofisi au soko gani, alilala wapi, na nini kilimpa shida. Katibu aandike yote katika daftari. Tuliite Daftari la Safari.

5. Angalieni mawe ambayo hayana mtu. Hiyo ndiyo miji ambayo kikundi hakiijui. Kwa hiyo ulizeni nje: mwalimu, dereva, imamu, katekista, mwanafunzi aliyerudi likizo.

6. Kubalianeni kwamba kuanzia sasa safari ni ya watu wawili inapowezekana, mmoja anayejua na mmoja asiyejua. Safari ijayo, yule aliyekuwa hajui ndiye atangulie. Nauli ya pili itauma kidogo, lakini baada ya mwaka mmoja mtakuwa na watu watano wanaojua badala ya mmoja. Kama pesa hazitoshi, msafiri mwenyewe abadilishwe kila mara.

YA KUANDIKWA KABLA YA MSAFIRI KUONDOKA

Mweka hazina na katibu wahakikishe haya yako kwenye karatasi, nakala moja ibaki na kikundi:

Jina kamili la mahali anakokwenda, kama lilivyo kwenye barua, pamoja na barabara au mtaa.

Gari linapita wapi, na ashukie wapi. Pia gari la kurudi linapatikana wapi na linaondoka wakati gani.

Namba ya simu ya ofisi au mwenyeji, iandikwe pia kwenye karatasi. Simu huzimika, na simu huibiwa.

Nauli ya kwenda, ya ndani ya mji, na ya kurudi. Nauli hupanda Desemba, wakati wa Pasaka, na shule zinapofunguliwa au kufungwa. Ulizeni ya wiki hiyo, si ya mwaka jana.

Kitambulisho. Vizuizi vya polisi bado viko njiani, na mtu wetu akikosa kitambulisho huteremshwa wengine wakiendelea.

Nguo. Nairobi na Eldoret mwezi wa Juni mpaka Agosti ni baridi. Mgonjwa aliyetoka Merti na shuka moja atateseka.

Pesa za kikundi zisibebwe taslimu kwenye mfuko. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007 hakuna haja. Msafiri atumiwe kila hatua anapofika, na risiti zirudi.

Na jambo la mwisho: akirudi, asitoe ripoti kwa mwenyekiti peke yake. Asimame mbele ya kikundi, aonyeshe kwa fimbo alikopita, na Daftari la Safari liongezwe ukurasa. Mtu aliyefika na hakusimulia, ni kama kikundi hakikufika.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika mwaka uliopita kikundi chetu kimelipa nauli za safari ngapi? Ni ngapi zilikuwa za lazima?

2. Ni nani walitumwa? Je, ni wale wale kila mara? Akina mama walikuwa wangapi?

3. Kama yule anayejua Nairobi hangekuwapo kesho, ni kazi gani ingesimama?

4. Ni mji gani ambao ungetusaidia kuuza au kujifunza, na hakuna hata mmoja wetu anayeujua? Tutamuuliza nani, na lini?

Vikundi vitakavyochora ramani, tuleteeni habari zenu kupitia ofisi ya maendeleo. Tunataka kujua ni mawe mangapi yalipata watu wa kusimama juu yake, na ni mangapi yalibaki matupu.